Mlowezi wa Gazi: Maisha ya Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui na Suala la Neno "Mwasi"

UTANGULIZI

Baina ya Likoni na Vanga ni majina machache ya watu yaliyoandikwa mara nyingi katika barua za serikali za karne ya 19 kama jina la Sheikh Mbaruk bin Rashid bin Salim al-Mazrui. Makao yake yalikuwa Gazi, kijiji kilichoko kwenye ghuba yenye mikoko, kilomita chache kaskazini ya Msambweni, katika nchi ya Wadigo ambayo leo imo ndani ya Kaunti ya Kwale. Waingereza walikiandika kijiji hicho Gasi, na mkuu wake wakamwandika Mbaruk, Mbarak au Mubarak, kila mmoja kama alivyosikia. Katika makala hii yatatumika maumbo Gazi na Mbaruk, kwa kuwa ndiyo yaliyozoeleka.

Hata hivyo, kuna neno moja ambalo waandishi hao hawakuhitilafiana juu yake. Makarani wa Sultani wa Zanzibar, maofisa wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki na wakubwa wa Himaya walimhesabu Mbaruk kuwa mwasi. Neno hilo likaingia katika vitabu vya historia, na kutoka huko likaingia katika vitabu vya shule. Baada ya uhuru baadhi ya waandishi walilipindua, wakamwita shujaa aliyewapinga wakoloni. Hukumu zote mbili zina sehemu ya ukweli, lakini zote mbili zinaanza mwishoni mwa maisha yake, katika vita vya 1895 na 1896, kisha zikarudi nyuma kuyafasiri mambo ya miaka sitini kwa mambo ya miezi kumi.

Makala hii inakusudia kuyatazama maisha hayo kuanzia mwanzo wake. Itaonyeshwa kwamba Mbaruk alikuwa kwanza mlowezi, yaani mtu wa jamaa iliyohama na kulowea katika nchi ya watu wengine, na pili alikuwa mtu wa mpakani aliyeishi kwa kuzunguka baina ya ufuo wa bahari na nyika. Nguvu zake zilitokana na hali ya nchi ambayo haikuwa na mstari. Mstari ulipochorwa, nguvu hizo zikamalizika. Mwisho utaulizwa kama neno "mwasi" linafaa kuendelea kutumiwa na wanaoandika kwa Kiswahili.

KUANGUKA KWA MOMBASA NA KUHAMIA GAZI

Jamaa ya Mazrui walitoka Omani, na kwa karibu miaka mia moja katika karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19 walikuwa maliwali wa Mombasa. Hapo mwanzo walitawala kwa jina la Imamu wa Omani, lakini mara dola ya akina Yaarubi ilipoangushwa na akina Busaidi, wakakataa kuwatii watawala wapya na wakaishikilia Mombasa kwa jina lao wenyewe. Huu ndio ugomvi uliomlea Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa Kimvita, ambaye tungo zake nyingi za vita zilikuwa upande wa Mazrui. Ugomvi huo ulimalizika mwaka 1837, Sayyid Said bin Sultan alipoipata Mombasa baada ya Mazrui wenyewe kugawanyika juu ya urithi. Wakubwa wao zaidi ya ishirini walikamatwa wakapelekwa Ghuba ya Uajemi, na hawakurudi. Miongoni mwao alikuwamo Rashid bin Salim, liwali wa mwisho wa nasaba hiyo na baba yake Mbaruk.

Waliosalimika walikimbia mji. Tawi moja lilikwenda kaskazini likakaa Takaungu, na la pili likaelekea kusini likakaa Gazi. Yafaa kulitilia mkazo jambo hili, kwa sababu ndilo linaloeleza mengi yaliyofuata. Mazrui wa Gazi hawakuja kusini kama watawala waliotumwa na mtu, wala hawakuja kama wafanyabiashara waliotafuta bandari. Walikuja kama watu walioshindwa, wenye jina kubwa na mali kidogo, wakiwa na watumwa na wafuasi waliokubali kufuatana nao. Mbaruk alikuwa mtoto wakati huo. Alikulia katika mji mchanga uliokuwa ukijengwa karibu na mikoko, chini ya wazee waliokuwa wakiihesabu Mombasa kuwa ni haki yao iliyonyang'anywa.

Aliposhika ukuu wa Gazi katika miaka ya 1860 alirithi mambo mawili yasiyopatana. La kwanza ni dai la mji ambao hakuwa na nguvu ya kuutwaa. La pili ni kijiji kilichohitaji amani na majirani ili kiweze kulima na kula. Maisha yake yote yalikuwa ni kuyumba baina ya mambo hayo mawili.

GAZI NA MAJIRANI ZAKE

Nchi waliyoilowea Mazrui ilikuwa na wenyewe. Wadigo walikuwa wamekaa tangu zamani katika kaya zao za misituni, kama vile Kaya Kinondo ambayo haiko mbali na Gazi, na katika vijiji vilivyotawanyika kutoka Diani mpaka Msambweni na kupita. Bara yao walikuwako Waduruma. Kusini ya Msambweni, penye visiwa na hori za Funzi na Shirazi, walikaa Wachifundi, na mbele zaidi, Wasini na Vanga, walikaa Wavumba waliokuwa na ufalme wao wa zamani wenye madiwani, siwa na taratibu za heshima.

Kwa mtaalamu wa lugha eneo hili ni la ajabu. Katika mwendo ambao mtu huweza kuumaliza kwa siku mbili au tatu kwa miguu, Kimvita cha walowezi wa Gazi kilikutana na Chidigo, kikapakana na Chichifundi, kikaishia kwenye Kivumba. H. E. Lambert alizitolea lahaja za Kivumba na Chichifundi vitabu vidogo mnamo 1957 na 1958, na wengi waliomfuata wamezishughulikia kama lahaja za Kiswahili zilizohifadhi mambo ya kale. Lakini haikutajwa vya kutosha kwamba mpangilio huo wa lahaja ni kumbukumbu ya siasa pia. Kimvita kilifika Gazi kwa sababu ya 1837. Kilikuwa lugha ya jamaa iliyofukuzwa Mombasa, nayo ikawa lugha ya ukubwa katika kijiji ambacho wengi wa waliokizunguka walizungumza Chidigo nyumbani kwao.

Mahusiano ya mlowezi na wenyeji yalikuwa ya namna nyingi. Walikuwako Wadigo waliofanya urafiki na Mazrui, wakauziana nafaka, nazi na pembe, na wengine wakapigana upande wao. Dini ya Kiislamu ilienea kwa Wadigo katika nusu ya pili ya karne hiyo na baadaye, na miji midogo ya pwani, Gazi ikiwa mmojawapo, ilikuwa njia ya kuenea huko. Kwa upande mwingine walikuwako Wadigo na Waduruma walioteketezewa vijiji na wafuasi wa Mbaruk na kutekwa. Wavumba nao, ambao zamani walikuwa washirika wa Mazrui wa Mombasa, walimwona mkuu wa Gazi kuwa ni jirani anayeinyemelea Vanga.

Mashamba ya Gazi yalilimwa na watumwa. Hili halifai kufunikwa kwa sababu ya kutaka kupata shujaa. Wakati wa njaa iliyoipiga pwani mnamo 1884, watu wa nyika waliwaweka watoto na jamaa zao rehani kwa wenye nafaka wa pwani, na rehani nyingi hazikukombolewa. Vilevile vita vya Mbaruk vilileta mateka, na mateka katika pwani ya zama hizo alikuwa ni mali. Frederick Cooper, katika kitabu chake cha 1977 juu ya utumwa wa mashambani katika pwani ya Afrika Mashariki, ameonyesha kwamba wakubwa wa namna hii walitegemea watumwa kwa kulima na kwa kupigana pia. Mtumwa aliyepewa gobori akafuatana na bwana wake msituni hakuwa sawa na mtumwa wa shamba la karafuu la Unguja. Alikuwa mtu wa bwana, akala naye na akakimbia naye. Watoro nao, waliokuwa wamewakimbia mabwana wengine, walipata hifadhi kwa Mbaruk pale alipohitaji watu. Hivyo mtu yule yule alikuwa bwana wa watumwa na kimbilio la watumwa wa wenzake. Katika nchi ya mpakani utajiri wa mkuu ulihesabiwa kwa watu waliokuwa tayari kumfuata, na hakujali sana wametoka wapi.

MWELE, BOMA LA NYIKA

Nyuma ya Gazi nchi inapanda mpaka vilima vya Shimba, na huko bara, katika misitu ya Mwele, Mbaruk alikuwa na ngome yake. Ilikuwa boma la miti mikubwa lililozungukwa na kichaka kinene, mbali na mizinga ya manowari. Kuijua Mwele ni kuufahamu utaratibu mzima wa siasa zake. Gazi ilikuwa mahali pa kukaa. Mwele ilikuwa mahali pa kukataa. Alipopatana na Zanzibar alikaa Gazi, akapokea posho ya Sultani na wageni wake. Alipokosana nayo alipanda Mwele pamoja na watu wake, akapeleka vikosi kushambulia njia na vijiji, akangoja mpaka gharama ya kumfukuza ikawa kubwa kuliko gharama ya kumsamehe. Kisha wajumbe walikuja, maneno yakapatikana, naye akateremka.

Mambo hayo yalitokea zaidi ya mara moja. Sayyid Barghash bin Said alipoketi katika kiti cha Zanzibar mwaka 1870, Mbaruk alisimama kumpinga, na askari wa Mombasa wakapelekwa kupigana naye. Miongoni mwa wakubwa wa askari hao alikuwa Muhammad bin Abdallah Bakhashweini, maarufu kwa jina la Al-Akida. Ni jambo la kufikirisha kwamba Al-Akida naye, aliyekuwa mkono wa Sultani, aliishia kumpinga Sultani huyo huyo. Mwezi wa Januari 1875 manowari mbili za Kiingereza ziliipiga mizinga Ngome ya Yesu ili kumtoa humo. Kisa chake kilitungiwa utenzi na Abdallah bin Masud al-Mazrui, na mwaka 1950 Mbarak Ali Hinawy alikitolea kitabu pamoja na mashairi ya wakati huo. Msomaji wa tungo hizo ataona kwamba watu wa Mombasa walizizungumza habari za Gazi na za Ngome kwa lugha ya mashindano baina ya wakubwa: nani kamtukana nani, nani kavunja ahadi, nani ana haki ya cheo. Haikuwa lugha ya serikali na wahalifu.

Mwaka 1882 mambo yalikuwa makubwa zaidi. Mbaruk aliishambulia Vanga, na Sultani akamtuma Lloyd Mathews, ofisa wa Kiingereza aliyemtengenezea jeshi jipya, ambaye aliongoza askari mpaka Mwele akaizingira. Boma lilichukuliwa lakini mwenyewe hakupatikana. Baada ya kitambo akasamehewa, akarudi Gazi. Kwa macho ya Mathews huo ulikuwa ushindi usiokamilika. Kwa macho ya Mbaruk, mambo yalikuwa yamekwenda kama yalivyozoeleka.

MPAKA UNAPOCHORWA

Neno "mpaka" katika Kiswahili lina kazi mbili. Ni jina la pahali panapogawa mashamba au nchi, na ni neno la kuonyesha mwendo ulipofikia, kama katika "kutoka Diani mpaka Msambweni". Katika siasa za Mbaruk kazi hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa na maana. Nchi yake ilifika pale ambapo neno lake lilisikiwa, na neno hilo lilisikiwa mbali mwaka huu na karibu mwaka ujao, kwa kadiri ya watu aliokuwa nao, mavuno waliyopata na majirani waliokubali kupatana naye. Ubalozi wa Ulaya ulikuwa na maana ya kwanza tu.

Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilipatana kuhusu dola ya Zanzibar. Sultani aliachiwa ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi, na nchi za bara zikagawanywa kwa mstari ulioanzia karibu na mdomo wa mto Umba, kusini kidogo ya Vanga, ukaelekea Kilimanjaro. Kabla ya mstari huo kukubaliwa Mbaruk alijaribu kuutumia ugomvi wa wageni kama alivyozoea kuutumia ugomvi wa wenyeji: aliwakaribisha Wajerumani na bendera yao ikapandishwa Gazi. Haikumfaa. Mapatano yalipotiwa saini Gazi iliangukia upande wa Waingereza, na bendera ikateremka. Mambo ya nchi yake yalikuwa yamekatwa mbali naye, na watu wasioijua Mwele wala Msambweni.

Mwaka 1888 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipewa hati ya kifalme, ikaanza kuitawala pwani kwa jina la Sultani. Kampuni haikuwa na askari wengi, kwa hiyo ilifuata njia ya kale: ilipatana na Mbaruk na kumlipa mshahara. Kwa miaka michache ilionekana kama utaratibu uliozoeleka utaendelea chini ya wakubwa wapya. Kilichofichika ni kwamba wakubwa hao hawakuuhesabu mshahara kuwa gharama ya kuishi na jirani mwenye nguvu. Waliuhesabu kuwa ujira wa mtumishi. Mtumishi hupewa amri, na amri ilikuwa njiani.

VITA VYA 1895 NA 1896

Vita havikuanzia Gazi. Mwanzoni mwa 1895 alifariki Salim bin Khamis, mkuu wa Mazrui wa Takaungu. Wagombea urithi walikuwa wawili: mwanawe Rashid bin Salim, aliyekuwa kijana na rafiki wa Waingereza, na jamaa yao Mbaruk bin Rashid wa Takaungu, ambaye hafai kuchanganywa na mkuu wa Gazi aliyekuwa wajina wake. Kwa desturi ya jamaa huyu wa pili alikuwa na haki, kwa kuwa alikuwa mkubwa kwa umri na baba yake aliwahi kuushika ukuu huo. Kampuni ilimchagua Rashid. Mwezi wa Juni, wakati serikali ya Uingereza ilipokuwa ikijitayarisha kuichukua nchi kutoka kwa Kampuni, Mbaruk wa Takaungu alishambuliwa, akakimbia, na baadaye akafika Gazi kwa jamaa yake.

Hapa ndipo penye kiini cha habari nzima. Arthur Hardinge, Kamishna wa kwanza wa Himaya ya Afrika Mashariki, alimtaka mzee Mbaruk awatoe jamaa waliokimbilia kwake. Mzee alichelewesha, akajibu kwa maneno laini, na hakuwatoa. Waandishi wa Kiingereza waliona katika jambo hili hila ya mtu aliyekuwa na nia ya vita tangu mwanzo. Yawezekana hila haikukosekana, kwani alikuwa mwanasiasa wa miaka mingi. Lakini hapana budi kukumbuka hali yake. Ukuu wake wote ulisimama juu ya jambo moja, kwamba aliyekimbilia Gazi alihifadhika. Wadigo walioelewana naye, watoro waliomfuata, askari wake na jamaa zake, wote walikuwa pale kwa ajili ya ahadi hiyo. Kama angemtoa mtu wa ukoo wake kwa barua ya Kamishna, nani mwingine angemwamini? Amri ya Hardinge ilikuwa na maana ya kumwambia aache kuwa mkuu, hata kama Hardinge mwenyewe hakuielewa hivyo.

Mwezi wa Julai majeshi yalipofika Gazi yaliikuta tupu. Mbaruk alikuwa amepanda Mwele, kama alivyofanya kila mara. Mwezi wa Agosti Admirali Harry Rawson aliteremsha mabaharia na askari wa manowari, akajumuika na askari wa Himaya na wa Zanzibar, wakaingia nyika. Tarehe 17 Agosti 1895 boma lilichukuliwa. Mathews, ambaye sasa alikuwa waziri mkuu wa Zanzibar, alirudi tena mahali alipopazingira miaka 13 nyuma, na safari hii akajeruhiwa. Jina la Mwele liliandikwa kwenye ukingo wa medali walizopewa waliopigana. Mwaka uliofuata Rawson ndiye aliyeipiga mizinga Zanzibar, na 1897 aliongoza jeshi lililoiangusha Benin.

Kama ilivyokuwa 1882, boma lilipatikana na mwenyewe akakosekana. Lakini mambo mengine yote yalikuwa yamebadilika. Hakuja mjumbe wa kumsamehe kwa masharti aliyoweza kuyakubali. Vita vya kuvizia vikaendelea kwa miezi mingi kutoka nyuma ya Vanga mpaka kaskazini ya Mombasa, ambako Hamis bin Kombo wa Mtwapa na baadhi ya Wagiriama walijiunga na Mazrui. Machi 1896 waliwasili askari kutoka Bara Hindi, na msako ukawa wa kila siku. Mwezi wa Aprili Mbaruk aliuvuka mstari ule wa 1886. Alijisalimisha Moa kwa Gavana Hermann von Wissmann, akiwa na mamia ya wafuasi, wanaume kwa wanawake na watoto. Wissmann ndiye aliyevimaliza vita vya Abushiri bin Salim na kumnyonga Pangani mwaka 1889. Mbaruk alimpokea kwa amani na kumpa mahali pa kukaa. Mstari uliomfunga ulimwokoa kwa sababu moja tu, kwamba Mwingereza hakuweza kuuvuka.

MWASI NI NANI?

Katika Kiswahili neno "asi" lina asili ya Kiarabu na maana ya kukataa kutii. Mtu humwasi Mungu wake, mwana humwasi mzazi wake, na raia humwasi mfalme wake. Katika matumizi yote hayo kuna sharti moja: anayeasiwa ana haki ya kutiiwa. Mwenye kumwita mtu mwasi ameshakata shauri, na kabla ya kusimulia lolote amekwisha kusema nani alikuwa mwenye nchi.

Je, Mbaruk alimwasi nani? Kama ni Sultani, basi Mazrui walihesabu kwamba akina Busaidi ndio waliovunja ahadi ya 1837 kwa kuwakamata watu waliokwisha kupatana nao. Kama ni Kampuni, hiyo ilikuwa mpangaji wa Sultani. Kama ni Himaya, hiyo ilitangazwa Juni 1895, vita vikiwa vimekwisha kuanza. Mtu hawezi kuiasi serikali kabla haijazaliwa. Na hata baada ya hapo ukanda wa pwani ulibaki kuwa nchi ya Sultani kwa jina, na Waingereza wakaulipia kodi mpaka 1963.

Hata hivyo swali hilo lina upande wa pili ambao watetezi wa Mbaruk huusahau. Wadigo na Waduruma walioteketezewa vijiji hawakuwa na haja ya kuuliza kama Busaidi walikuwa na haki au hawakuwa nayo. Kwao mkuu wa Gazi alikuwa mlowezi mwenye bunduki. Wapo waliomfuata kwa hiari, wapo waliomfuata kwa hofu, na wapo walioshukuru alipoondoka. Neno "shujaa" linawafuta hawa kama vile neno "mwasi" linavyofuta madai ya Mazrui. T. H. R. Cashmore, aliyeandika maisha ya Mbaruk katika kitabu kilichohaririwa na Norman Bennett mwaka 1968, alitumia zaidi nyaraka za serikali. Na Sheikh Al-Amin bin Ali al-Mazrui, ambaye historia yake ya Mazrui wa Mombasa ilitolewa 1995, aliandika kwa macho ya ukoo. Sauti isiyosikika katika pande hizo mbili ni ya kijiji kilichokuwa katikati.

HITIMISHO

Mbaruk hakurudi Gazi. Alikaa Dar es Salaam mpaka akafariki mwaka 1910, akiwa mtu mzee sana. Mali za waliopigana upande wake zilitwaliwa na serikali, na kwa sheria ya hati za ardhi ya 1908 nchi yote ya pwani ikaanza kupimwa, kudaiwa na kuandikwa kwa majina. Mazrui wa Takaungu waliokubali uchaguzi wa Kampuni waliwekewa ardhi yao katika amana kwa sheria ya 1914. Gazi haikupata kitu kama hicho. Wadigo nao, ambao walikuwako kabla ya matawi yote mawili, wengi walijikuta hawana hati, na katika sehemu za Msambweni na jirani zake swali la nani ni mwenyeji na nani ni maskwota limeendelea mpaka zama zetu. Hukumu ya nani alikuwa mwasi na nani mtiifu iligeuka kuwa hukumu ya nani ana shamba.

Kwa sababu hiyo makala hii inapendekeza kwamba neno "mwasi" lisitumiwe juu ya Mbaruk bila ya kutajwa aliyelitamka. Iandikwe "aliyeitwa mwasi na Zanzibar" au "na Himaya", kama hali ilivyokuwa. Neno "mlowezi", ambalo nchini Kenya limezoea kumhusu Mzungu wa nyanda za juu, nalo lirudishiwe upana wake, kwa kuwa Mazrui wa Gazi walilowea nchi ya watu, wakapata wake na maadui humo, wakailima kwa mikono ya watumwa, na hatimaye wakafukuzwa.

Kazi iliyobaki ni kubwa na haiwahusu wanahistoria peke yao. Katika Chidigo, Chichifundi na Kivumba yamo majina ya mahali, masimulizi ya koo na misemo ya vita ambayo bado haijaandikwa inavyostahili. Wazee waliosikia habari hizo kwa waliozishuhudia wamekwisha kutoweka, na wanaozikumbuka kwa mkono wa pili wanapungua. Mtafiti wa lahaja anayekwenda Funzi, Vanga au Msambweni kuulizia ngeli na nyakati za vitenzi angeweza, kwa siku hizo hizo, kuuliza pia jinsi watu wa huko walivyomwita mkuu wa Gazi katika lugha zao. Jibu la swali hilo halimo katika barua za Hardinge.